Kamba wa Lewis

Lewis alipopiga simu kutoka Mombasa kusema kwamba anarudi nyumbani na kamba, mama yake aliiweka simu mezani, akatoka nje na kuanza kuficha kila kamba iliyokuwa bomani.

Alifungua ile ya ng'ombe. Akateremsha ya kuanikia nguo. Akakusanya vipande vya kufungia kuni, pamoja na ile ndefu ya manila iliyokuwa imening'inia ghalani tangu mumewe alipokuwa hai, akavifunika vyote kwa magunia matupu jikoni. Ng'ombe akaingia katika shamba la chai la jirani. Wifi yake Esnah, aliyekuwa amerudi kuishi kwao baada ya ndoa yake kuvunjika, na ambaye nyumba yake ilitazamana na hii, alisimama mlangoni akauliza kama leo ni siku ya kuwaachilia wafungwa. Persis, ndilo jina la mama huyo, alimpita akiwa na magunia mikononi.

Neno peke yake lisingemtisha. Yeye na mwanawe walizungumza Kikisii siku zote, na Kikisii kina neno lake la kamba. Lewis alikuwa ameongea Kikisii mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya mtu anayepanda mlima, akaeleza kwamba madaktari wamesema moyo wake umepanuka, kwamba kazi haiwezi tena, kwamba anakuja kupumzika. Kisha mwishoni akalichomeka neno hilo moja kwa Kiswahili, kana kwamba alikuwa akilifunika. Kijana wa miaka ishirini na sita akiambiwa hana dawa, mama yake husikia mengi katika neno moja.

Alifika Ijumaa, kwa gari la kukodi lililopanda polepole kutoka Ikonge. Magotini alikuwa amepakata sanduku la kioo lililofungwa blanketi, na kati ya miguu yake ndoo yenye kifuniko. Alipokifungua kile kifuniko, Persis aliona maji, na ndani ya maji vijidudu vyekundu, virefu kama ukucha wa kidole kidogo, vyenye ndevu nyingi.

"Hawa ndio kamba, baba," Lewis akamwambia.

Baba ndivyo Mkisii anavyomwita mama yake. Mzazi wa kiume humwita tata. Persis alitazama ndani ya ndoo, akaketi chini pale pale uani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Baadaye kicheko kiliisha na machozi yakabaki. Aliinuka akaenda kumtafutia ng'ombe kamba yake.

Lewis alikuwa amefanya kazi miaka sita katika duka la samaki wa mapambo. Sanduku aliliweka sebuleni, kando ya kitanda walichomwekea karibu na dirisha. Alilitandika mchanga mweusi, akapanga mawe ya mtoni aliyoyachemsha kwanza, akayafungia kwa uzi majani laini ya kijani yanayoota majini kama manyoya. Akatia majani makavu ya mkungu, ule mti wa Pwani, na maji yakageuka rangi ya chai isiyo na maziwa. Mwisho akatia mfupa mweupe, mpana kama kiganja na mwepesi kama ubua, ambao ulielea siku mbili kabla ya kukubali kuzama. Pembeni, bomba jembamba lilipuliza hewa kupitia kipande cha sponji, na mapovu yakapanda usiku na mchana.

Alimfundisha mama yake kwa maneno machache, maana pumzi ilikuwa chache. Mikono isiwe na sabuni. Maji yasibadilishwe ovyo, maji mazee ndiyo mazuri. Chakula kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, saa kumi ya alasiri. Wakati wa chakula yeye mwenyewe aligonga pembe ya kioo kwa ukucha mara tatu, na kamba wakatoka majanini mwao, mmoja mmoja, wakaja pale kidole kilipo. Mengine alisema atamweleza taratibu. Madaktari walikuwa wamempa mwaka. Alipata miezi mitatu, akafa Jumanne moja mvua ikinyesha, akazikwa kati ya nyumba na migomba, mahali panapoonekana kutoka dirishani.

Persis akabaki na kamba thelathini na wanne. Alikuwa na miaka sitini na moja, mumewe alikuwa ameshatangulia, na binti yake Natasha ameolewa mbali. Katika vyote alivyoviacha Lewis, nguo zilikuwa nguo na simu ilikuwa simu. Hawa tu ndio waliokuwa wanakula. Aliazimia kwamba hawatakufa mikononi mwake.

Sauti ndiyo iliyoanza. Katika wiki za mwisho kifua cha Lewis kilijaa maji, na kupumua kwake na mapovu ya kile kioo vikawa kitu kimoja, mtu akiwa chumba cha pili asijue kipi ni kipi. Sasa Persis aliporudi kutoka kuchuma chai, kikapu kikiwa bado mgongoni, alifungua mlango na kukuta nyumba inapumua. Alijua ni nini. Mguu wake hata hivyo ulisimama kwenye kizingiti, kila siku, kabla ya kuingia.

Hakuwa na mtu wa kumwambia. Alikuwa Msabato, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa amewafundisha watoto katika Shule ya Sabato kwamba wafu hawajui neno lolote, wamelala hadi parapanda ilie, na kwamba yeyote anayekuja na sura ya marehemu si marehemu. Angeanzaje kusema kwamba mlango wake una pumzi ya mwanawe?

Kisha ikawa ile saa kumi. Siku moja alichelewa kwenye kituo cha kupimia chai kwa sababu lori la majani lilikwama kwenye matope. Alipofika, wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye migomba, na ndani ya nyumba mlikuwa na giza la alasiri, lile la Nyamira wakati wa masika, ambapo mtu huwasha taa kabla ya kuku kulala. Taa ndogo ya kioo ilikuwa inawaka. Kamba wote walikuwa wamejipanga pembeni, pale pale pa kidole, ndevu zimeinuliwa. Hakuna aliyegonga.

Wamejua saa, Persis alijiambia. Hata ng'ombe hujua saa ya kukamuliwa. Lakini ng'ombe humtazama anayekuja na ndoo. Hawa walikuwa wanatazama mahali kando yake, kwenye usawa wa bega lake la kushoto, na aliposogea, hawakusogea.

Wiki iliyofuata alianza kukuta maiti.

Ya kwanza ilikuwa imelala ubavu juu ya majani, angavu kama nailoni, haina wekundu wowote. Ilikuwa na macho yake. Ilikuwa na miguu yote, na kila unywele wa ndevu. Persis aliiopoa kwa kijiko, akaishika kwenye kiganja, akaona haina uzito, kana kwamba kifo kilikuwa kimeingia kikanywa kilichokuwamo na kuacha kikombe. Aliiweka katika kopo tupu la dawa za Lewis. Halafu akawahesabu waliobaki. Walikuwa thelathini na wanne.

Akahesabu tena kwa kidole, kama anavyohesabu watoto wakati wa kwenda nyumbani. Thelathini na wanne.

Siku ya pili alikuta maiti mbili, na walio hai thelathini na wanne. Baada ya wiki tatu, ndani ya kopo mlikuwa na wafu ishirini na mmoja wenye macho, na ndani ya maji hakuna aliyepungua. Alianza kuamka akiogopa kuhesabu. Mtu aliyefiwa hatazamii idadi ikatae kushuka.

Alimwita Esnah kwa sababu alitaka macho mengine yahakikishe. Esnah alikuja na mzaha wake kama kawaida, akauliza kama wadudu hawa wana ubatizo. Akahesabu kwa kidole, akafika thelathini na wanne. Persis akamfungulia kopo. Esnah alitazama humo kwa muda, akaliweka chini taratibu, akafuta kidole kwenye sketi yake ingawa hakikuwa kimegusa kitu.

"Mama Lewis," alisema, "hawa wanakufa na hawaondoki."

Alitokea mlango wa nyuma. Siku ya soko alikwenda Nyaramba kuuza ndizi, na neno likaenda pamoja na ndizi. Hadi jioni, mwenye kusikia alikuwa amesikia kwamba Persis Nyaboke anafuga kamba ndani ya maji, kamba zinazokufa na kubaki zilezile. Kwamba chini, kwenye mchanga, kuna mfupa. Na waliosimulia walipofika kwenye mfupa walishusha sauti, wakageuza uso kuelekea upande kaburi lilipo, bila kutaja la nani.

Mzee wa kanisa, Abner Masese, alikuwa mtu mpole asiyependa kelele. Alituma salamu kwamba yeye na akina mama wachache watapita Sabato alasiri, baada ya ibada, kuimba na kuomba pamoja naye. Hakutaja sababu. Persis aliielewa.

Ijumaa ni siku ya maandalio. Kabla ya jua kutua kila kitu katika nyumba ya Msabato huwa kimeshaoshwa, kimekunjwa, kimepikwa, ili Sabato ikute pamenyooka. Persis alipiga deki. Alisugua sufuria kwa majivu hadi zikang'aa. Kisha akasimama mbele ya kioo na kukiona kwa macho ya wageni: maji ya kahawia, majani yanayooza, mabaki ya wafu juu ya mawe, na ule mfupa. Aliona haya. Akakunja mikono ya blauzi.

Alitoa majani yote ya mkungu. Aliokota kila maiti iliyokuwa imejificha kwenye kijani, hata vipande vilivyokatika. Alichota maji yale mazee zaidi ya nusu, akayamwaga kwenye migomba, akajaza maji ya mvua kutoka kwenye tangi, safi, baridi, yasiyo na rangi wala harufu. Mfupa aliufunga kwenye gazeti na kuutupa chooni. Jua lilipozama kioo kilikuwa cheupe kama gilasi ya mgeni. Alikuwa amekumbuka maneno ya Lewis kuhusu maji mazee, lakini akajiambia kwamba Lewis mwenyewe asingependa mama yake asemwe.

Wageni walikuja, wakaimba, wakaomba. Baadaye walisogea kutazama. Waliona maji safi na vitu vyekundu vidogo vikitembea kwenye kijani, na mabega yao yakalegea. Esnah aliinama akatafuta kwenye mchanga.

"Na ule mfupa?"

"Niliutupa," Persis akasema.

Mama mmoja aliuliza kama hawa ndio wale ambao watu wa Pwani hula, wasio na mapezi wala magamba. Abner alikubali kwamba ndio, najisi kabisa. Kisha, akionekana kufurahi kwamba hakuna jambo, akaongeza kuwa kilichokatazwa ni kula, si kutazama. Walicheka, wakanywa uji, wakaenda zao.

Siku ya nne kamba mmoja alikufa kweli.

Huyu hakuwa angavu. Alikuwa mzito, rangi ya waridi kama kitu kilichopikwa, na nyuma ya kichwa chake, kuzunguka mwili, palikuwa na pete nyeupe, nyembamba, kana kwamba mtu amemfunga uzi. Persis alihesabu. Thelathini na watatu. Kesho yake aliona wawili wakitembea na pete ile ile shingoni, wakiwa hai bado. Walisimama juu ya jiwe, wakajikunja, wakajinyoosha, wakajikunja, kama wanaojaribu kujivua kitu, na kila walipojikunja pete ilipanuka. Asubuhi walikuwa wamelala chini. Thelathini na mmoja. Ishirini na saba. Kumi na tisa.

Sasa hesabu ilikubali, kila maiti na pengo lake, na kukubali huko kulimtisha kuliko kukataa kwa mwanzo. Alihesabu hata akiwa shambani, vidole vikichuma majani mawili na chipukizi, midomo ikienda. Usiku mapovu yalipumua. Saa kumi waliobaki walikwenda pembeni wakainua ndevu, wachache, na nafasi kati yao zikawa zinaonekana.

Esnah alipita kurudisha ungo, akatazama bila kukaribia.

"Pete ya nini hiyo shingoni?"

Persis aliinama kutazama tena.

"Kamba zako zimeanza kujinyonga," Esnah akasema.

Alikusudia mzaha. Wote wawili walilisikia neno hilo likibaki chumbani baada ya kusemwa, na Esnah akashika ungo aliokuwa amekuja kuurudisha, akaondoka nao.

Walipofika kumi na mmoja, simu ililia. Ilikuwa namba ya Mombasa. Sauti ya mzee, yenye Kiswahili kilichonyooka kama mashuka yaliyopigwa pasi, ilitoa salamu ndefu, kisha ikauliza kama anaongea na baba yake Lewis.

"Ni mimi," Persis alijibu, kwa sababu jina hilo lilikuwa lake.

Kwa kusikia sauti ya mwanamke, yule mzee, ambaye ndiye mwenye lile duka la samaki, akaomba radhi. Alisema marehemu kila jioni alikuwa akipiga simu na kusema baba, baba, naye siku zote alidhani kijana ana baba tu, mama hana. Persis alimweleza. Sauti ya mzee ikashuka. Alisema alikuwa safarini, alipata habari ya msiba juzi tu, na pole zake zimechelewa.

"Na kamba wake, mamangu," akauliza, "wangali wazima?"

Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amewauliza hivyo, kama watu wanaoweza kuwa wazima au wagonjwa. Persis alikaa kwenye kitanda cha Lewis.

"Zinakufa," alisema. "Nimeziua, na sijui ni kwa nini."

Mzee alimwuliza kama wana pete nyeupe nyuma ya kichwa, kisha kuhusu maji, kuhusu mfupa. Persis alimwambia yote, na habari ya wale wafu wa mwanzo pia, ishirini na mmoja wenye macho, waliokufa bila kupungua. Hilo alilisema mwisho, kwa sauti ndogo, akitegemea mtu wa mbali ashtuke kama Esnah alivyoshtuka.

"Wale hawakuwa maiti, mama," mzee akasema. "Zile zilikuwa nguo."

Akamweleza polepole. Kamba mwili wake wa nje haukui, kwa hiyo kila baada ya wiki chache huuvua wote, miguu, ndevu, hata ngozi ya jicho, akatoka na mwingine laini aliouandaa ndani. Ule wa zamani huula, maana ndimo ilimo chokaa ya kuugandisha mpya. Ule mfupa haukuwa wa mnyama wa nchi kavu. Ulikuwa wa dome, jamaa yake ngisi, kitu cha baharini, na Lewis aliutia uyeyuke kidogo kidogo, kwa sababu maji ya milimani hayana chokaa. Maji ya mvua hayana kitu kabisa. Yeye alikuwa ameondoa mfupa, ameondoa nguo, ameondoa maji mazee, yote kwa siku moja. Nao wakajaribu kuvua wakiwa hawana cha kuvaa. Pete ndipo vazi linapochanikia pasipo pake, wakakwama humo, nusu ndani na nusu nje.

"Wenye pete waache, hao wamekwisha," alisema. "Chemsha maganda ya mayai, yasage, tia kidogo. Zile nguo za kwenye kopo, zirudishe. Halafu usiguse chochote."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wavue. Hapo ndipo utajua."

Persis alikwenda kwa Esnah kuomba maganda ya mayai. Esnah aliuliza kama wadudu wamehamia kwenye kuku sasa, lakini alimpa mayai sita mazima, na ule ungo juu yake.

Alichemsha, akasaga kwa chupa, akatia unga kiasi cha ncha ya kisu. Kisha akafungua kopo. Aliyapindua yale maganda juu ya maji, nayo yakakaa juu kidogo, yakalowa, yakaanza kushuka moja moja, wima, macho mbele, kama washiriki wanaoingia kanisani kimya wakitafuta viti. Kamba walio hai walitoka kwenye kijani. Kila mmoja alichagua lake, akalishika kwa mikono yake midogo, akaanza kula kuanzia usoni.

Persis alitazama mpaka mwisho. Hakutaka, lakini alikuwa ameahidi kwamba hataondoa tena kitu asichokielewa.

Wenye pete walikufa, mmoja baada ya mwingine, hadi wakabaki sita. Hao sita hawakuwa na pete, wala hawakuwa wamevua. Kutogusa kitu kulimchosha kuliko kupalilia. Alikaa mbele ya kioo mikono mapajani, akauma mdomo.

Asubuhi ya Sabato alikuwa ameshavaa, Biblia mkononi, mlango umefunguliwa, alipomwona yule mkubwa kuliko wote amesimama juu ya jiwe bila kusogea. Nyuma ya kichwa chake palikuwa na mstari wa mwanga, mwembamba kama unywele. Huenda ilikuwa pete ikianza. Huenda ulikuwa mshono ukiachia mahali pake. Mzee wa Mombasa alikuwa amesema huanzia hapo hapo. Persis aliketi na Biblia magotini. Kengele ya Shule ya Sabato ilisikika kutoka ng'ambo ya bonde, na hakuinuka.

Abner alikuja baada ya ibada, miguu ya suruali imelowa maji ya nyasi za njiani. Katika miaka kumi na tisa mwalimu huyu hakuwa amekosa hata mara moja. Alibisha, akaingia, akamkuta anatazama kioo. Persis aliinua mkono bila kugeuka, kama anavyowatuliza watoto, na mzee wa kanisa akaketi kwenye kitanda.

Nje mvua ilikuwa inakuja. Chumba kilififia mpaka kikabaki kile kioo tu, na mapovu yakipumua. Kamba alijikunja, kama mtu anayekohoa. Akanyooka. Akajikunja tena, na mstari ukapanuka, na Persis akaona weupe ndani yake. Alishika ukingo wa meza. Watano wengine walikuwa wametoka wakasimama mbali kidogo, wamemzunguka, hawali.

Akajikunja mara ya tatu, akaruka.

Sasa walikuwa wawili. Mmoja juu ya jiwe, miguu yote imekanyaga, ndevu zimenyooka, macho wazi. Wa pili ubavuni mwa jiwe, shibiri moja mbali, amelala, rangi imefifia kama nguo iliyofuliwa mno. Hakuna aliyesogea.

Abner alikuwa amesimama bila kujijua.

"Yupi aliye hai?" akauliza kwa kunong'ona.

"Subiri."

Walisubiri. Mvua ilifika kwenye mabati na kuyafunika mapovu, na kwa muda chumba hakikuwa na pumzi. Persis aliwatazama wote wawili na hakuweza kusema. Yule aliyesimama ndiye aliyeonekana kama anamtazama yeye. Kisha maji yalimgusa, akainama mbele, akaanguka bila kujizuia, mwepesi, mtupu. Na yule aliyelala aliinua mguu mmoja wa mbele, akaupitisha usoni, akajipangusa jicho.

Abner aliketi. Alisema kwamba amehubiri siku ile ya mwisho kwa miaka thelathini, jinsi tutakavyobadilishwa kufumba na kufumbua, na hata siku moja hakuwaza kwamba ule mwili wa zamani unaweza kubaki umesimama pale, macho wazi. Hakusema kama wazo hilo lilimfariji. Alichukua kofia yake.

"Watoto walikuulizia," alisema mlangoni. "Niliwaambia unaumwa."

"Siumwi, mzee."

"Naona."

Kufikia Jumatano wote watano waliobaki walikuwa wamejaribu. Watatu walitoka salama. Wawili walikwama. Persis aliwazika kwenye migomba bila kuomba, maana hakujua ombi lao. Akapiga simu Mombasa, akasema wamebaki wanne.

Mzee alisema wanne si haba. Persis alikuwa na swali ambalo alikuwa amelibeba tangu Sabato. Aliuliza kama ni kweli kwamba huvua hata ngozi ya jicho. Mzee alisema ni kweli. Basi, Persis akasema, hakuna hata mmoja aliyebaki na macho yale aliyomwonea Lewis. Mzee alifikiri. Alisema hapana, hakuna, na kwamba hata wao wenyewe hawaishi sana, mwaka na nusu, miwili wakitunzwa.

Persis hakulia. Alikuwa anawatazama.

Mzee akamwuliza kama kuna majike. Hakujua. Akaambiwa atazame mgongoni, nyuma ya kichwa, kama pana doa la manjano linaloonekana kupitia ngozi, mfano wa tandiko la punda. Hayo ni mayai, yanangoja. Persis alipiga magoti sakafuni, simu sikioni, uso karibu na kioo hata pumzi yake ikakitia ukungu, akaufuta. Mmoja alikuwa nalo. Alisubiri wa pili ageuke, na wa tatu. Wote watatu walikuwa nalo.

"Majike matatu," alisema.

"Vizuri. Lakini bila dume ni bure. Dume ni mdogo, mwembamba, rangi yake hafifu. Hatulii. Utamwona anazunguka kioo chote kama mtu aliyepoteza kitu. Unaye wa namna hiyo?"

Juu, karibu na uso wa maji, yule wa nne alikuwa anaogelea, mwembamba, karibu hana rangi. Alipita kwenye pembe, akapita mbele ya kitanda, akapita mbele ya uso wake, akazunguka tena.

"Huyo yupo," alisema.